Jeshi Lililotembea Mchana Kutwa

Rafiki yangu alishika ncha ya tepu ukingoni mwa meza, akaivuta mpaka njia panda, kisha akainua uso kwa kicheko cha mtu aliyekwisha kushinda.

"Wamefika, yakhe."

Waliofika ni jeshi la Jenerali d'Erlon wa Ufaransa: vibao vinane vya kadibodi, juu yake askari wa plastiki wenye makoti ya buluu, kila kibao brigedi nzima. Alikuwa amewatandaza nyuma ya bakuli la matunda tangu mchezo uanze, na sasa, saa kumi na moja jioni kwa saa ya mchezo, walikuwa wananiingia ubavuni. Yeye alikuwa Ney, marshali wa Napoleon; mimi nilikuwa Wellington, jemadari wa Waingereza. Niliutazama mstari wangu mwekundu, nikahesabu vibao vyake, nikarusha dadu kwa kutimiza wajibu tu.

Njia panda ya Quatre Bras ikawa ya Wafaransa kabla chai haijapoa.

Akiwa anazoa dadu zake akasema, "Ney angekuwa na akili kidogo tu, angefanya hivi hivi."

Nilicheka, tukala, nikaaga. Huku Leeds mvua ilikuwa ya kawaida yake, na basi lilichelewa kama kawaida yake. Lakini ile kauli ilipanda basi pamoja nami, na kwa wiki kadhaa haikutaka kushuka.

Ney angekuwa na akili.

Je, hakuwa nayo?

Waliosikia mizinga pande mbili

Tarehe 16 Juni 1815, siku mbili kabla ya Waterloo, kulikuwa na vita viwili kwa wakati mmoja huko Ubelgiji. Napoleon alikuwa Ligny anapigana na Waprusia wa Blücher. Kilomita chache magharibi yake, Marshali Ney alikuwa anajaribu kuinyakua njia panda ya Quatre Bras kabla Wellington hajajaza watu. D'Erlon alikuwa nyuma barabarani na watu kama 20,000, akielekea kwa Ney.

Alasiri, tarishi wa Kaisari, yaani Napoleon, akaikuta safu hiyo njiani na amri ya kuigeuza kwenda Ligny. (Nani hasa alikuwa tarishi huyo, na karatasi ilisema nini, wanahistoria wanabishana mpaka leo.) Jeshi likageuka. Likatokeza Ligny upande ambao hakuna aliyelitarajia, Wafaransa wenzao wakadhani ni adui, wengine wakaanza kutaharuki, na Napoleon akalisimamisha shambulio lake kubwa kwanza ili ajue wale ni nani. Wakati huohuo Ney amepata habari kwamba askari wake wamechukuliwa bila yeye kuulizwa. Akawaka. Akatuma amri: rudini haraka. D'Erlon akaacha sehemu ya watu wake pale, akageuka na waliobaki, akafika Quatre Bras giza limeingia na vita vimekwisha.

Watu 20,000, mchana kutwa, katikati ya vita viwili, wanasikia mizinga kulia na kushoto. Karibu wote hawakufyatua hata risasi moja.

Upande wa Ney, alasiri ile alikuwa mbele ya shamba la nafaka iliyorefuka kupita kichwa cha mtu. Alianza na askari wa Jenerali Reille wasiopungua sana 20,000 dhidi ya Waholanzi na Wajerumani wa Nassau wapatao 8,000, na kila saa iliyopita wenzao walikuwa wanaongezeka. Mkononi akawa na barua ya Soult, mnadhimu mkuu wa Kaisari, iliyoandikwa saa tisa na robo, ikimtaka awageukie Waprusia kwa nyuma na kumwambia kwamba hatima ya Ufaransa iko mikononi mwake. Barua nzuri. Ila ilimkuta amekwisha kushikwa na watu wengine koo.

Ney hakukosa akili. Alikosa meza.

Tulioko juu

Meza yenyewe ni ile wanayolia chakula. Tunatandika kitambaa cha kijani, chini yake vitabu kuwa vilima. Barabara ni vipande vya turubai vilivyopakwa rangi ya udongo. Shamba la nafaka ni zulia la mlangoni la makumbi ambalo rafiki yangu alilikata kwa kisu cha jikoni, na kila nikilitazama nakumbuka kwetu Tanga tulivyokuwa tunafutia miguu kitu hicho hicho. Ukilichana kwa kitana, nyuzi zinasimama. Askari akiwekwa humo anaonekana kofia tu.

Anaonekana na nani, sasa? Hapo ndipo penye mushkeli. Mimi nimesimama juu yake kama mnazi. Naona kila kilichomo ndani ya shamba. Naona nyuma ya kilima. Askari wa Picton, jenerali wangu Mwingereza, ambao kwa ratiba bado wako njiani kutoka Brussels, wamo kwenye boksi la viatu juu ya kiti, na rafiki yangu anawaona pia, na amekwisha kuwahesabu.

Na kila amri inafika. Nikinyoosha mkono, kibao kinasogea. Hakuna farasi wa tarishi anayechechemea, hakuna kanali anayesema "nisomee tena".

Watu wakija nyumbani wakatukuta, husema mchezo huu unadanganya kwa sababu hauna damu. Sidhani kama kuna mtu mzima aliyewahi kudanganyika hapo. Siku ile ya Quatre Bras kila upande ulipoteza zaidi ya watu 4,000, wafu na majeruhi, na hakuna dadu itakayokueleza hilo, wala haijaribu. Uongo wake ni wa kimyakimya zaidi. Unakufanya uamini kwamba mkuu ni mtu anayejua, na waliobaki ni mkono wake.

Nilikuwa nimecheza hivyo miaka mingi bila kuliona. Ilibidi nishindwe vibaya ndipo lianze kuniwasha.

Amri ya kijana wa miaka 22

Njia panda ile ilikuwa na watu wa kuilinda kwa sababu maofisa wawili hawakutii. Usiku wa tarehe 15, wakati wakubwa wa Kiingereza wakiwa dansini Brussels, Wellington alikuwa ametoa amri askari wa Kiholanzi wakusanyike Nivelles. Hiyo ingeiacha Quatre Bras tupu. Constant-Rebecque, mnadhimu mkuu wa Waholanzi hao, na Jenerali Perponcher walikuwa karibu zaidi, walijua Wafaransa wanapita wapi, wakawaacha watu wao palepale, na wakaongeza wengine. Wangetii, kesho yake Ney angepita hapo akipiga mluzi.

Saa chache baadaye, mahali palepale, kikosi kingine kiliangamia kwa kutii.

Rejimenti ya 69 ya Waingereza ilikuwa inajipanga mraba. Mraba ni kinga ya askari wa miguu mbele ya farasi: pande nne, singe zimetoka nje, farasi hata apigwe vipi haingii. Kamanda wao wa brigedi, Halkett, ndiye aliyeutaka. Kisha akaja Mwanamfalme wa Orange, mwenye miaka 22 na jeshi zima chini yake kwa sababu baba yake ni mfalme. Akaona hakuna dalili ya farasi, akaamuru wafungue mraba, wajipange mstari.

Wakafungua.

Wapanda farasi wenye dirii wa Kellermann, jenerali wa Ufaransa, wakatoka kwenye ile nafaka ndefu. Kikosi kikachanwachanwa, na bendera ya mfalme ikatekwa.

Kwenye meza yetu, mwanamfalme huyu ni askari mmoja wa plastiki aliyepanda farasi mweupe. Kanuni zinampa alama moja ya nyongeza: akiwa karibu na kikosi, kinapigana vizuri zaidi. Rafiki yangu alipoisoma kanuni hiyo kwa sauti, tulicheka mpaka mke wake akaja kuuliza kuna nini.

Mmoja wa kahawia

Katika brigedi hiyohiyo ya Halkett kulikuwa na rejimenti ya 73. Farasi walipotokeza, nayo ilijitupa kwenye msitu wa Bossu, ikanusurika. Miongoni mwa majina ya rejimenti hiyo yumo George Rose, aliyezaliwa mtumwa Jamaika, akatoroka, akajiandikisha jeshini mwaka 1809. Siku mbili baadaye, Waterloo, alijeruhiwa vibaya kwa risasi. Aliendelea na jeshi, akastaafu mwaka 1837 akiwa sajini.

Nilipomjua nilichukua askari mmoja wa 73 nikampaka upya. Uso wake ni mdogo kuliko punje ya mchele. Unaanza na kahawia iliyoiva, unaiacha ikauke, halafu unachukua kahawia nyepesi kwenye ncha ya kijiti cha meno, unagusa pua, mashavu na kidevu, basi. Ukigusa mara moja zaidi umemharibu. Kola yake ni ya kijani iliyokolea. Yuko mstari wa nyuma, wa tatu kutoka kushoto, na mgeni asiyeambiwa hamwoni.

Kuna ndugu huniuliza vita vya Wazungu hawa vinanihusu nini. Siku hizi sijibu kwa urefu. Mwaka 1776 Mfaransa Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa kwenye visiwa vya Kifaransa vya Bahari ya Hindi. Mwaka 1802 Napoleon aliurudishia utumwa nguvu ya sheria. Mwaka 1810 Waingereza wakakiteka kisiwa cha Morisi (Mauritius), ikiwa sehemu ya vita hivihivi. Anayedhani yalikuwa mambo ya Paris na London tu hajaitazama ramani vizuri.

Ila si hilo lililonifanya nimpake Rose. Nilimpaka kwa sababu ndiye mtu mmoja kwenye meza nzima ambaye naweza kusema kwa uhakika kwamba alikwisha kukataa amri kubwa kuliko zote kabla hajafika hapo. Kisha akajiunga na kazi ambayo yote ni kutii. Nimejaribu kulifumbua hilo nikiwa na brashi mkononi, nimeshindwa.

D'Erlon kwenye ngazi

Mchezo wa kivita usioonyesha kila kitu si jambo jipya. Afisa wa Prusia, Reisswitz kijana, aliupeleka wake kwa wakubwa mwaka 1824: wachezaji vyumba mbalimbali, mwamuzi katikati, na kila mmoja anaambiwa kile tu ambacho angekiona au kuletewa habari zake. Mnadhimu mkuu wa Prusia aliyeupokea na kuusifu kwamba haya si mchezo, ni mafunzo ya vita, alikuwa von Müffling. Huyohuyo mwaka 1815 alikuwa mjumbe wa Waprusia kambini kwa Wellington, na tarehe 16 Juni alikuwa naye Wellington alipokwenda kuonana na Blücher. Alikuwa ameshuhudia kwa macho yake ahadi na barua zinavyopishana njiani. Naona si ajabu aliuelewa mchezo upesi.

Basi nikampigia rafiki yangu. Nikamwambia turudie Quatre Bras, lakini d'Erlon asiwe wake wala wangu.

Binti yake, anayesoma sekondari na ambaye mpaka siku ile alituona kama wazee wawili wanaochezea vikaragosi, alikubali kwa sharti la kulipwa pizza. Tulimweka kwenye ngazi na ramani niliyoichora kwa mkono: barabara, vijiji viwili vitatu, mshale wa alipo. Meza haioni. Amri kwake ni za karatasi, na kila karatasi inakaa kwanza chini ya kikombe kwa muda ambao dadu imeamua, kama vile tarishi yuko njiani. Barua za Kaisari niliziandika mimi mapema nikazitia kwenye bahasha zenye saa.

Ya kwanza kumfikia ilikuwa ya baba yake: *Harakisha njia panda.* Akasogeza penseli. Kisha ikamfikia ya Kaisari: *Geuka mashariki, wapige Waprusia ubavuni.*

Kimya.

Mimi nilikuwa najua historia, nikasubiri ageuke. Baba yake alikuwa anajua tabia ya binti yake, akasubiri amtii yeye. Tukamsikia akizisoma zote mbili kwa sauti ya chini. Halafu akauliza kutoka ngazini:

"Ami, hii ya pili, Baba anajua kama nimeletewa?"

Nikamwambia siwezi kumjibu. D'Erlon hakuwa na ami wa kumuuliza.

Akachana kipande cha karatasi, akaandika, akatuma kwa baba yake: *Nimeitwa kwingine. Je, una habari? Nimesimama hapa nangoja.*

Akasimama! Jeshi lote, katikati ya barabara. Karatasi ikakaa chini ya kikombe zamu tatu kwa sababu dadu ilitaka hivyo. Ney alipoisoma akashika kichwa, akaandika kwa herufi kubwa, na hiyo nayo ikakaa chini ya kikombe. Ilipomfikia binti, kwa saa ya mchezo ilikuwa inakaribia saa tatu usiku. Hakugeuka huku wala huku, na matokeo yakawa yaleyale ya mwaka 1815, kwa njia ambayo haimo katika kitabu chochote nilichosoma.

Nilichokishangaa ni kwamba katika watu watatu mle ndani, yeye ndiye aliyefanya jambo la busara. Alipata maagizo mawili yanayopingana, akamuuliza mkubwa wake. Ukiwa ofisini ungesifiwa.

Kazi ya posta

Rafiki yangu hakupendezwa. Yeye usiku hupanga barua kwenye ghala la posta, na alikuwa amenyamaza muda mrefu akiweka karatasi chini ya vikombe kabla hajasema:

"Nimetoka posta, nimerudi posta."

Akaendelea, na hapa namnukuu kwa sababu hoja yake ni nzito kuliko yangu. "Yakhe, mimi wiki nzima ni yule wa ngazini. Naletewa karatasi. Msimamizi wa zamu anasema hili, meneja anasema lile, na nikiuliza naambiwa najifanya mjuaji. Jumamosi moja nataka niwe mtu ambaye akisema kitu, kinafanyika. Sasa wewe umenichukulia hata hiyo."

Sikuwa na jibu la maana. Bado sina. Nilikuwa nimeutafuta ukweli wa vita, na ukweli wenyewe ulikuwa kitu ambacho yeye anakijua bila kucheza. Labda kuna watu wanaohitaji kukumbushwa kwamba amri hazifiki. Watu wa namna yangu, wanaokaa mbele ya kompyuta na kusogeza visanduku kwenye jedwali. Na kuna wanaojua hivyo kila alfajiri.

Hata hivyo sikuweza kurudi tulikotoka kana kwamba sijaona. Ule ushindi wake wa kwanza, alivyowatoa d'Erlon nyuma ya bakuli, ulinivutia tena nilipoufikiria: ulikuwa ndoto ya kila mtu aliyewahi kuwa chini ya mtu mwingine. Jeshi zima linakuja, kwa wakati, kwa sababu umesema lije. Ney angetoa nini kwa dakika moja ya hiyo?

Halafu kuna mambo ambayo hata karatasi na vikombe haviyawezi. Mimi mtoto wa Tanga nimekua na hadithi ya Novemba 1914, Waingereza walipoleta jeshi kubwa kutoka India wakapigwa na askari wachache wa Kijerumani, na nyuki waliochokozwa na risasi wakawashambulia wote bila kubagua. Baadaye kukawa na Waingereza walioamini kwamba nyuki wale waliwekewa mtego na adui. Niambie sasa, nyuki utawaandikia kanuni gani?

Tumekubaliana hivi: mara moja kwa kanuni zake, mara moja kwa vikombe. Zamu yake inafuata, na ameniambia bila aibu kwamba d'Erlon atafika saa tisa.

Zamu ya vikombe itakuwa tarehe 18 Juni, na binti ameomba awe Grouchy, yule marshali wa Napoleon aliyepewa askari zaidi ya 30,000 awafuate Waprusia, akaisikia mizinga ya Waterloo kwa mbali, akashauriwa na jenerali wake aielekee, akakataa kwa kuwa amri ilisema vingine. Baba yake alimuuliza mbele yangu kama yeye ataiendea mizinga.

"Nipeni kwanza karatasi," alisema. "Na safari hii iwe na jina la aliyeiandika."